Kumtafuta Hamisi Mmoja Kati ya Wengi: Mwongozo wa Kupekua Nyaraka za Mtwara na Lindi

Mtu anayemtafuta babu yake wa Kitangari, wa Rondo au wa Mchinga katika nyaraka, naye hana mkononi ila jina la Hamisi, Saidi, Mohamedi au Selemani, hapungukiwi na karatasi, karatasi humzidi. Jina moja humletea barua ya liwali kwa serikali ya Kijerumani, shauri la minazi, kaburi la askari, orodha ya vibarua wa mkonge, tangazo la mirathi katika Gazeti la Serikali, shairi lililotumwa kwa gazeti la Mambo Leo, na ubatizo wa mtu ambaye tangu siku ile aliliacha jina hilo. Wengine hukata tamaa hapo. Wengine humchukua Hamisi wa kwanza anayeelekea kufaa na kumfanya babu yao, jambo lenye madhara zaidi, kwa sababu nasaba ya kubuni ikishaandikwa na kugawiwa wajukuu ni vigumu kuifuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitenganisha karatasi hizo kwa kuiuliza kila moja iliandikwa na nani, kwa haja gani, na mwandishi wake alilazimika kujua nini kuhusu mtu aliyemtaja.

Jina la mwisho hudumu kwa muda gani

Katika mikoa hii miwili, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani, Mwislamu huandikwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kile ambacho fomu hukiita jina la ukoo kwa kweli ni jina la mtu mmoja aliyeishi vizazi viwili kabla. Tuseme Hamisi alizaliwa karibu na mwaka 1865. Mwanawe aliyezaliwa karibu na 1892 ataandikwa Saidi bin Hamisi. Mjukuu wa karibu na 1920 ataitwa Juma Saidi, na pengine Juma Saidi Hamisi pale fomu ilipodai majina matatu. Kitukuu wa karibu na 1948 ataitwa Bakari Juma Saidi, na hapo Hamisi amekwisha kutoweka katika maandishi, isipokuwa kama mtoto mwingine amerithishwa jina la mkubwa huyo, ambapo litarudi likiwa jina la kwanza.

Kwa hiyo kazi ya awali haifanyiki mbele ya kompyuta wala katika chumba cha kusomea, bali nyumbani, kwa daftari na kalamu. Andika majina ya wazazi na mababu yakifuatana kwenda juu, weka kati ya miaka 25 na 30 baina ya kizazi na kizazi, kisha pembeni mwa kila jina uandike ni katika miaka gani mtu huyo angeweza kulipa kodi, kuoa, kushtaki au kufa. Mfuatano huo utakuonyesha ni wakati gani Hamisi wako anapaswa kusimama mwanzoni, katikati au mwishoni mwa jina. Ukikutana na Abdallah Hamisi aliyekuwa mwanafunzi wa darasa la nne mwaka 1962, utajua mara moja kwamba huyo hawezi kuwa mwana wa mtu aliyezaliwa 1865, hata kama kijiji ni kimoja na jina linafanana herufi kwa herufi.

Wanawake wasiachwe nyuma, ingawa watafutaji wengi huwaacha. Fatuma binti Hamisi hubaki binti Hamisi hata akiolewa mara tatu, na katika maandishi ya ndoa ya Kiislamu hutajwa pamoja na mume wake, mahari na wali aliyemwozesha, ambaye kwa kawaida ni baba, kaka au baba mdogo. Karatasi moja ya namna hiyo inaweza kukupa watu wanne pamoja na uhusiano wao, ilhali orodha ya kodi ya wanaume mia itakupa majina mia yasiyo na ndugu.

Kuna pia jambo ambalo watafutaji waliozoea mifano ya Ulaya hulisahau. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama: Mmakonde alikuwa wa litawa la mama yake, na Mmakua alikuwa wa nihimo ya mama yake. Undugu uliomfungamanisha mtu kweli na ardhi na urithi haukuandikwa katika jina lake hata kidogo. Utauona zaidi katika mashauri ya mashamba, ambako mlalamikaji hueleza haki yake kwa kumtaja mjomba, na si baba. Ukimwona kijana ametajwa baada ya jina la mtu ambaye wazee wako hawamjui kuwa baba yake, uliza kwanza kama huyo alikuwa mjomba aliyemlea au aliyemsimamia barazani, kabla ya kumtupa nje ya orodha yako.

Majina manne ya mtu mmoja

Kabla ya kwenda popote, waulize wazee majina yote aliyowahi kuitwa mtu unayemtafuta: jina la utotoni, jina alilopewa alipotoka jandoni, jina la ubatizo kama alibatizwa, na jina la utani alilochukua kazini. Mtoto wa Newala angeweza kuingia jando na jina moja na kutoka na jingine, akaenda Tanga kukata mkonge kwa jina la tatu, kisha akazikwa kwao kwa jina ambalo hakuna karani aliyewahi kulisikia. Mzee anayeulizwa “babu aliitwa nani” hujibu jina moja. Anayeulizwa “alipokuwa mdogo alikuwa anaitwaje, na wenzake wa jandoni walimwitaje” hujibu zaidi. Ni afadhali maswali hayo ayaulize mjukuu au mtu anayestahili kuuliza kwa adabu, kwa kuwa mambo ya jandoni hayasimuliwi kwa kila mpita njia.

Yapo pia majina ambayo ni cheo. Matola wa Newala, ambaye wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walimjua katika miaka ya 1870, na Matola ambaye mtafiti Mjerumani Karl Weule alimkuta Chingulungulu mwaka 1906, ni watu wawili, kwa maana wa kwanza alikwisha kufa na wa pili akarithi jina pamoja na madaraka. Msomaji asiyejua desturi hiyo ya Wayao atamhesabia mzee mmoja maisha marefu na matendo ya watu wawili. Kila jina la mwinyi, jumbe au mkubwa wa nchi lichukuliwe kuwa jina la kiti mpaka tarehe zithibitishe vingine.

Upande wa Wakristo una mtego wa aina yake. Padri Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, na Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2015, wanashiriki jina ambalo watu wa dini zote huwapa watoto. Jina pekee halitoshi kuwaunganisha watu wa namna hiyo, na anayelitafuta katika orodha yoyote atawapata wote wawili pamoja na wengine wengi wasiojulikana.

Jina lile lile kwa mikono tofauti

Hamisi hakuandikwa Hamisi kila mahali. Karani wa Kijerumani aliandika Hamissi, kwa kuwa s moja kati ya vokali mbili kwake husomwa z. Kwa mkono huo huo ch iligeuka tsch, sh ikawa sch, y ikawa j, na j ikawa dj au dsch, hata Masasi ikaandikwa Massassi na Chiwata ikawa Tschiwata. Majalada ya Unguja hupendelea Khamis. Mwingereza aliandika Hamis au Hamisi kwa namna alivyosikia, na msemaji aliyeidondosha h alimletea Amisi. Ng'ambo ya Ruvuma, Mreno aliandika Amisse, na kwa mkono huo huo Mohamedi akawa Momade, Selemani akawa Sulemane, Saidi akawa Saide na Bakari akawa Bacar. Familia zenye ndugu Palma, Mocímboa da Praia au Mueda, nazo ni nyingi mno katika Mtwara, zinapaswa kutafuta kwa tahajia hizo zote, kwani mtu aliyevuka mto huenda amebadilishiwa jina na mwandishi bila mwenyewe kujua.

Barua za maliwali na wafanyabiashara wa Lindi, Mikindani na Kilwa ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p, ch, g wala v, na ambazo hazitofautishi waziwazi e na i, au o na u. Anayezihamishia katika herufi za Kilatini hulazimika kukisia, na makisio yake ndiyo yanayoingia katika orodha. Jina la Kimakonde au la Kimwera lenye sauti hizo laweza kuandikwa kwa namna tatu katika majalada matatu. Majina ya Kiislamu hayaumii sana hivyo, nayo ni bahati mbaya, kwani hayo ndiyo ya kawaida na yasiyotofautisha watu. Barua hizo pia huwa na tarehe za Kiislamu: mwaka 1323 ulianza Machi 1905 na kuisha Februari 1906, kwa hiyo barua ya Lindi ya nusu ya pili ya mwaka huo imeandikwa wakati wa vita vya Maji Maji, na isomwe hivyo.

Andika tahajia zote hizi katika ukurasa mmoja wa daftari na kuzitafuta moja baada ya nyingine. Pale mtambo wa kutafutia unaporuhusu kuacha herufi za mwisho, tafuta kwa mzizi, kwa mfano Hamis au Amis, kuliko kwa jina kamili.

Karatasi zenyewe, na kile ambacho kila moja inakijua

Vitabu vya ubatizo ndivyo ninavyoviweka mbele ya vingine vyote kwa familia za Kikristo, na hata kwa za Kiislamu zilizokuwa na ndugu waliobatizwa. UMCA ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, ikiwa na watu waliokombolewa utumwani waliotoka Unguja, na baadaye ikawa na vituo Newala na kwingineko. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926. Wabenediktini wa Mt. Ottilien walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata, vituo vyao hivyo vikaharibiwa katika Maji Maji, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki humtaja mtoto, wazazi, mdhamini wa ubatizo, mahali na padri, mara nyingi kwa Kilatini katika miaka ya zamani, hivi kwamba Yohane huwa Joannes na Yosefu huwa Josephus. Kitu kinachokifanya kiwe hazina ni pembeni mwa ukurasa: sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mbatizwa viandikwe hapo baadaye, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Msomaji wa haraka husoma mstari na kuiacha pembeni, na kwa kufanya hivyo huiacha nusu ya maisha ya mtu.

Vitabu vya ubatizo vyenyewe huulizwa parokiani. Barua, ripoti na magazeti ya UMCA, ambamo walimu, mashemasi na wanafunzi hutajwa kwa majina, yamehifadhiwa katika maktaba za Bodleian mjini Oxford. Ya Wabenediktini yapo Ndanda na St. Ottilien, Ujerumani. Ukiandika barua huko, usiombe “habari zote za Saidi.” Taja kituo, miaka mitano hadi kumi, na jina la padri au mwalimu wa wakati huo. Mtunza nyaraka anaweza kulijibu ombi la namna hiyo.

Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, Unguja, zinafaa kwa kipindi ambacho maliwali wa Lindi na Mikindani walikuwa chini ya sultani, na kwa watu wa kusini waliochukuliwa utumwani. Humo mtu hutajwa mara nyingi kwa jina alilopewa na bwana wake, likiwa limefuatiwa na kabila: Myao, Mmakua, Mnyasa. Amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilizaa maandishi mengi ya watu waliodai uhuru. Baada ya jina la namna hiyo, neno “Myao” ni ushahidi wa namna mwandishi alivyomwona mtu, na si hakikisho la alikozaliwa.

Nyaraka za Wajerumani ni za aina mbili, na ni vema zisichanganywe. Majalada yaliyobaki nchini yapo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Yale ya wizara ya makoloni ya Berlin yapo katika Bundesarchiv, kundi la R 1001, ambalo orodha yake hutafutwa kwa intaneti. Haya ya Berlin yanajua siasa, vita, ardhi ya makampuni na watu wakubwa. Mkulima wa kawaida hutajwa humo kwa nadra. Ukitaka mkulima, tafuta makaratasi ya wilaya: kodi ya nyumba iliyoanza 1898, vitabu vya mashauri ya barazani, vibali na faini. Wilaya ya Lindi ya Wajerumani ilimeza sehemu kubwa ya mikoa hii miwili, isipokuwa upande wa Kilwa, Mikindani ikiwa ofisi ndogo yake, kwa hiyo mtu wa Newala atafutwe Lindi.

Inafaa hapa kuutaja mlima wa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ambako makumbusho ya Berlin ilichimba mifupa ya dainosari kati ya 1909 na 1913 kwa mikono ya mamia ya watu wa nchi hiyo, na ambako Waingereza walirudi kuchimba kati ya 1924 na 1931. Wanyapara wa uchimbaji huo wametajwa kwa majina, miongoni mwao Boheti bin Amrani na Mohammadi Keranje, na mwaka 2019 wanasayansi walimpa dainosari mmoja wa huko jina la Wamweracaudia keranjei kwa kuwaheshimu Wamwera na Keranje. Anayemtafuta “Mohammadi” peke yake katika maandishi ya Tendaguru atazama. Anayetafuta “Keranje” atapata mtu. Kanuni inayotokana na hilo inafaa kila mahali: katika kila karatasi itafute sehemu iliyo adimu kuliko zote, iwe ni jina la babu wa Kimwera, jina la utani, jumbe au kijiji, na uanze na hiyo, ukiacha jina la kawaida lije baadaye kuthibitisha.

Vita vya kwanza vya dunia viliwapita watu wa kusini kwa ukali. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalikuwa katika bara la Lindi. Kumbukumbu za makaburi za tume ya Commonwealth ya makaburi ya vita (CWGC) hutafutwa bure kwa intaneti, nazo huonyesha jina, kikosi, namba ya askari, tarehe na makaburi. Lakini ripoti ya mwaka 2021 iliyotolewa na tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio walioachwa zaidi. Kama wazee wanasema babu alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi, kutokuwapo kwa jina lake katika orodha hiyo si sababu ya kuwakanusha.

Kuhusu wakati wa Waingereza, elewa kwanza mipaka. Makao makuu ya jimbo la kusini yalikuwa Lindi mpaka yalipohamishiwa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mradi wa karanga wa Nachingwea kuleta bandari. Baada ya uhuru mkoa wa Mtwara uliijumuisha Lindi, na mkoa wa Lindi ukatengwa mwaka 1971. Tandahimba ilikuwa ndani ya Newala, na Nanyumbu ndani ya Masasi. Hivyo jalada linalomhusu mtu wa Mtwara linaweza kuwa na anwani ya Lindi, na kinyume chake.

Vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika historia za makabila, nasaba za maakida na majumbe na mabadiliko ya mipaka, vitakusaidia kumjua jumbe aliyekuwa juu ya babu yako, hata visipomtaja babu mwenyewe. Majalada ya CO 691 yaliyoko Kew, Uingereza, ni mawasiliano ya gavana na London, na kwa mtafuta ukoo mara nyingi hayana tija. Gazeti la Serikali lina matangazo ya mirathi, ya hati zilizopotea na ya kubadili majina. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika, pamoja na jina na mahali pa mwandishi; mwalimu, karani au fundi wa Lindi aliyependa kutunga huenda yumo.

Orodha za kazi zichukuliwe kwa tahadhari kubwa zaidi. Watu wa kusini, na Wamakonde wa Msumbiji waliopitia Mtwara, walikwenda kwa wingi katika mkonge, wengine Kikwetu karibu na Lindi, wengine Tanga, na kuanzia 1944 kupitia SILABU, wakala wa kuajiri vibarua wa mkonge. Kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 kilihitaji jina la kuitia kibarua asubuhi na kumlipa, basi. Haikuwa ajabu mtu kujiandikisha kwa jina lisilo lake, au watu wawili kukitumia kipande kimoja, na kabila lililoandikwa mara nyingine lilikuwa lile ambalo mnyapara alilizoea. Orodha hiyo inathibitisha kwamba mtu mwenye jina hilo alihesabiwa shambani mwezi huo, wala haithibitishi zaidi.

Usajili wa vizazi na vifo una sheria tangu mwaka 1920, lakini kwa Waafrika wa vijijini ulichelewa sana. Rekodi zake leo zinasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, pamoja na za ndoa, ambazo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitaka zisajiliwe. Cheti kilichotolewa mtu akiwa mtu mzima kinasema kile ambacho familia ilikisema siku hiyo. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari au 1 Julai mara nyingi ni ya kukisia, isikubaliwe bila kuangalia kama mwaka wake unalingana na jambo jingine linalojulikana. Majalada ya mirathi ya mahakama za mwanzo, kinyume chake, ni tajiri: warithi hutajwa wote, uhusiano hutajwa, na anayepinga huandikiwa sababu zake.

Ukiyasoma maandishi ya kabla ya 1976, kumbuka kwamba mahali napo paliwahi kuhama. Serikali ilitangaza mwaka 1973 kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na vitongoji vingi vilivyoitwa kwa jina la mkubwa wake vilibaki mahame. “Kwa fulani” katika daftari la 1938 hapaonekani katika ramani ya leo. Waulize wazee mahame hayo yalikuwa upande gani wa mto au wa mteremko, na yalihamishiwa kijiji gani.

Siku ya kwenda kusoma

Nyaraka za Taifa zimepangwa kwa ofisi iliyozitengeneza, na hazikupangwa kwa mtu. Orodha hutaja kichwa cha jalada, kwa mfano mashauri ya ardhi ya Masasi au kodi ya Newala ya miaka fulani. Watu walio ndani hawana faharasa. Ndiyo maana kutafuta kwa jina la kawaida huleta watu wakubwa waliofikia kuwa kichwa cha jalada, na kumficha mkulima aliye ukurasa wa 47. Nenda ukiwa umechagua ofisi na miaka, kisha uombe jalada na ulisome lote. Uliza mapema, kabla ya kupanda basi la kwenda Dar es Salaam, kuhusu kibali na ada, na ubebe kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa.

Kwa kila karatasi tumia ukurasa wake katika daftari, usitumie ukurasa kwa kila mtu. Andika namba ya jalada na ya ukurasa, ofisi, tarehe, jina kama lilivyoandikwa bila kulisahihisha, kijiji, jumbe, ndugu aliyetajwa, kazi, na mwandishi. Kosa linalogharimu kuliko yote ni kumfungulia Hamisi ukurasa na kuanza kummiminia kila kinachoonekana; baada ya mwezi huwezi tena kuona ni kipi kilitoka wapi.

Karatasi mbili ziunganishwe kuwa mtu mmoja pale tu zinapokubaliana katika mambo mawili zaidi ya jina, na angalau moja la hayo liwe ndugu au kijiji. Hamisi bin Saidi wa Kitangari chini ya jumbe fulani, mwenye dada aitwaye Zainabu, na Hamisi Saidi wa Kitangari aliyetajwa kaka wa Zainabu katika shauri la miaka kumi baadaye, wanaweza kuwekwa pamoja. Hamisi bin Saidi, seremala wa Lindi, na Hamisi bin Saidi, seremala wa Mikindani, wasiwekwe, hata kama moyo unataka. Kazi ni ushahidi dhaifu mijini, kwa kuwa maseremala, mabaharia na washona kofia walikuwa wengi. Umri ni dhaifu zaidi, maana ulikisiwa na karani kwa kumtazama mtu usoni.

Karatasi zisizolingana na mtu wako zisitupwe. Ziwekwe katika fungu lake na namba zake, kwa sababu ubini ukijulikana kutoka chanzo kingine mara nyingi mtu aliyekataliwa hurudi, na kwa sababu jirani yako anamtafuta huyo huyo unayemwacha.

Ikiwa utafutaji huu ni kwa ajili ya mirathi au shauri la ardhi, nakala ya simu haitatosha. Omba nakala iliyothibitishwa kutoka RITA, mahakamani au parokiani, na pale ambapo Hamissi, Khamis na Hamisi ni mtu mmoja katika karatasi tatu, mtu anayezijua habari hizo aape kiapo cha kuthibitisha majina mbele ya kamishna wa viapo, akitaja kila tahajia kama ilivyo na kila karatasi ilikotoka, kabla ya kuziwasilisha karatasi hizo pamoja.